Mliosafiri nje kikazi na wenzenu wa ofisini, njooni tupeane uzoefu

Wa Ligula: Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za jioni. Juzi napekua begi natafuta cheti cha mtoto, nikakutana na kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni tulichopewa Addis Ababa, Mei 2018. Jina langu wamelikosea herufi mbili. Nikacheka peke yangu, nikaona niwaite tusimuliane. Mada zilizowasilishwa sizitaki, hizo nani anazikumbuka? Semeni mliwaonaje wenzenu mkiwa mbali na ofisi.

Naanza mimi. Tulikwenda watatu kwenye kongamano la utunzaji kumbukumbu: bosi, mimi, na mzee wetu wa masjala, Mmakonde wa Newala aliyebakiza miaka miwili astaafu. Watu walinung'unika, eti mzee Kiingereza kinampiga chenga, nafasi inapotea bure. Yeye kimya. Ada ya pasipoti, laki na nusu, kaitoa mfukoni mwake, na pasipoti yenyewe kaifunga kwenye nailoni kama hati ya shamba la mikorosho.

Addis iko juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa joto tulishuka na vikoti vya harusini. Usiku wa kwanza mzee alivaa koti, akajizungushia msuli juu yake, akalala na soksi.

Jioni hiyo dereva wa hoteli alituambia gari kesho ni saa "thrii". Bosi akafasiri papo hapo: saa tisa alasiri, kwa hiyo asubuhi tupumzike. Mzee akanivuta pembeni.

"Thrii si tatu?"

Nikamwambia ndiyo mzee wangu, ila kwa Wazungu saa thrii ni saa tisa.

"Kwani huyu dereva Mzungu?"

Nikampuuza. Kumbe Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Saa tatu kamili asubuhi gari liliondoka na mzee peke yake. Mimi na bosi tulifika watu wanakunja mabango. Tukamkuta safu ya pili, kavaa visikilizio vya tafsiri, anasikiliza Kifaransa, anatikisa kichwa kwa heshima zote. Picha aliyopigwa pale ndiyo bosi aliyoiweka kwenye ripoti: "Ujumbe wetu ukishiriki ufunguzi."

Karibuni.

Mwanakorosho wa Lindi: Nimecheka hadi watoto wameuliza kuna nini 😂. Mimi ni India, Kollam, jimbo la Kerala, mji uliojipatia jina kwa korosho. Tulikuwa sita, maofisa ushirika na watu wa AMCOS, vile vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Cha kwanza kilichotushangaza ni chakula. Umekaa kwenye ndege siku nzima, unaletewa mhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki! Mwenzetu mmoja akasema bora tungebaki Lindi, nauli wangetugawia.

Siku ya pili tukapelekwa kiwandani. Kinamama wamekaa chini kwa safu, wanabangua, vidole vyeusi kwa yale mafuta ya ganda. Pembeni kuna rundo la magunia ya juti, na moja lina maandishi ya wino uliofifia. Nikasogea nisome: jina la chama cha msingi cha huku kwetu. Gunia lile huenda lilipita ghala ninalolisimamia.

Tulikuwa na dada mmoja, ofisini hasemi zaidi ya shikamoo na kwaheri. Akachuchumaa karibu na mama mmoja, akachukua korosho, akaanza kubangua. Haraka, bila kuvunja punje. Wale kinamama wakaacha kazi wakamtazama. Akatuambia mama yake alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimojawapo kati ya vile vilivyojengwa kwetu miaka ya 1970, kabla hakijafungwa na kugeuzwa ghala. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mitano. Usiku ule hotelini hakuna aliyezungumzia masoko wala bei, tulikaa tu kwenye ngazi.

Bati Geji 28: Mnaleta huzuni. Mimi Kampala, siku nne. Nilibeba korosho kilo mbili na mayai nikayanunua kulekule, nikawa nachemsha kwenye birika la umeme la chumbani. Posho sikuigusa. Mwenzangu wa chumba alinisema kwa kila mtu, mpaka leo ananiita Birika. Ila nyumba yangu Chuno imeezekwa, na yake bado ina turubai.

Mvuka Ruvuma: Nje ya nchi kwangu ni ng'ambo ya mto. Kabla ya fujo za Cabo Delgado kuanza 2017, tulikwenda Mueda, Msumbiji, kwa kikao cha chanjo mpakani. Tulipitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720 za lami safi, halafu ukishuka upande wa pili ni vumbi na mashimo mpaka kiuno kiombe msamaha.

Kikaoni ni Kireno mtindo mmoja. Daktari wetu, mtu wa bara, mwepesi wa kutukata kauli ofisini, alikaa kama kinyago. Mkalimani hakutokea. Aliyetuokoa ni dereva wetu. Wenyeji walipoanza kuteta wao kwa wao, akacheka, akawajibu Kimakonde. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Kimakonde chao na chetu kinapishana kidogo, lakini mchana ule mipango yote ya chanjo ilipita kwa dereva, daktari anaandika anachoambiwa. Kurudi Masasi, kwa mara ya kwanza daktari alikaa kiti cha mbele, akamwomba amfundishe kuhesabu.

Mwanakorosho wa Lindi: @Wa Ligula, masurufu, zile fedha za safari za kutolea hesabu, mlirejeshaje? Sisi mmoja wetu alipoteza kipande cha tiketi ya ndege, akakatwa kwenye mshahara.

Wa Ligula: Usinikumbushe. Kalenda ya Wahabeshi iko nyuma yetu miaka saba, minane hivi. Stakabadhi za mgahawa na teksi zimeandikwa 2010. Mkaguzi akanitolea macho: "Safari ya 2018, chakula umekula 2010?" Nikaeleza, hataki. Akaitwa mzee kutoka masjala. Akaja na jalada lake, humo kahifadhi kipeperushi cha hoteli chenye kalenda zote mbili, kakitia na namba ya folio. Ikaisha hapohapo.

Bati Geji 28: Huyo mzee yuko wapi sasa?

Wa Ligula: Kastaafu, yuko Mikindani na mtumbwi wake. Jumamosi nampelekea ming'oko, vile viazi pori vyetu. Nimempigia kuuliza nifike saa ngapi, kanijibu "thrii" na kukata simu.