Nyoka au mjusi? Nimebaki njia panda

njia_panda77:
Wakuu habari za saa hizi. Kuna jamaa yangu anahama na hawezi kuondoka na wanyama wake, ana nyoka mmoja na mjusi mmoja, kanambia chagua mmoja nikupe pamoja na tenki lake la kioo na kila kitu. Anataka jibu kabla ya Jumapili. Sijawahi kufuga chochote zaidi ya paka. Yupi bora? Msinicheke.

KengeMtulivu:
Hatukucheki, ila swali lako ni kama la mtu anayeuliza apande gari au mtumbwi na hasemi anakwenda wapi. Nyoka gani? Mjusi gani? Wana umri gani? Nyumbani kuna watoto? Ukisafiri nani atawaangalia?

gamba_jipya:
Nyoka. Mjadala umefungwa. Akishakuwa mkubwa anakula mara moja kwa wiki moja au mbili, hana kelele, hana manyoya, hata choo chake ni cha nadra, unasafiri siku nne unamwachia maji unarudi unamkuta palepale. Mjusi kila siku yeye na wadudu, yeye na mboga, yeye na taa.

mzee_kifimbo:
Mjusi wa nini wakati ukutani wapo bure na hawadai taa? Na huyo nyoka ndio usiniambie kabisa, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimepita tu.

njia_panda77:
Samahani nilisahau. Nyoka ni wa kahawia ana mabaka, mfupi mnene, akiogopa anajikunja duara anaficha kichwa katikati. Mjusi ana rangi ya mchanga na vimiiba shingoni, akikasirika shingo inatuna inakuwa nyeusi. Umri sijauliza.

KengeMtulivu:
Basi huyo nyoka ni chatu mpira, asili yake Afrika Magharibi na Kati, na mwingine ni mjusi wa ndevu wa Australia. Wote wapole kwa anayeanza. Ila umri kauulize, chatu mpira akitunzwa anafika miaka 20 hadi 30, mjusi wa ndevu 10 hadi 15 hivi. Huyo nyoka unaweza kustaafu naye.

Bi_Mkubwa:
Ngojeni niseme langu maana mjusi wa ndevu watu wanamsifia tu. Wangu nilimpata mdogo, aliyeniuzia akanambia taa ya UVB, ile ya miale kama ya jua inayomsaidia mjusi kutumia kalsiamu, ikiwa inawaka ujue inafanya kazi, basi mimi nikalala usingizi, mwaka na kitu taa inawaka vizuri, unga wa kalsiamu nao nikikumbuka nanyunyiza kwenye nyenje nisipokumbuka basi. Akaanza kukosa shabaha, anamrukia nyenje anang'ata hewa. Nikacheka, hata video nikachukua. Baadaye vidole vikawa vinatetemeka, taya likalainika kama sikio, siku moja kashuka kwenye kigogo cha kimo cha shubiri tu, mguu wa nyuma ukavunjika. Daktari wa wanyama akanieleza mifupa imekosa kalsiamu, kwamba ile taa macho yanaona mwanga lakini UVB ilishakwisha zamani, inatakiwa kubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 kutegemea aina, na kumweka dirishani aote jua hakusaidii maana kioo kinazuia UVB. Aliishi miezi minane mingine, anajivuta kwa kifua. Ile video sijaifuta na siwezi kuiangalia.

gamba_jipya:
Pole sana. Ndiyo maana nikasema nyoka.

Sauti_ya_Nyenje:
Hilo ni kosa la taa, mjusi kakosa nini? Mjusi wa ndevu anakujua bwana, ukiingia chumbani anakimbilia kwenye kioo, ukimtoa anapanda begani anakaa. Nyoka wewe kwake ni mti wenye joto.

gamba_jipya:
Mti sawa, ila wangu anaujua mti wake. Nikimshika mimi katulia, mgeni akimshika anajikunja. Na huyo wako anakimbilia kioo kukusalimia au kuangalia umebeba nyenje?

Sauti_ya_Nyenje:
Hata wewe nyumbani unaangalia nani kabeba nini.

KengeMtulivu:
Nyie mko kwenye mapenzi, mwenzenu Jumapili inamfikia. Njia_panda, la watoto hukujibu.

njia_panda77:
Yupo mmoja, ana miaka miwili. Halafu waifu hajui bado kuhusu huu mpango. Anaogopa sana panya.

Bi_Mkubwa:
HAJUI? Na huyo chatu unadhani anakula nini? Panya waliogandishwa, wanakaa kwenye friza!

gamba_jipya:
Unawaweka kwenye chombo chenye mfuniko, au unatafuta friza ndogo ya kwao peke yao. Ila panya hai usithubutu, panya akibanwa anang'ata, nimeshaona chatu katafunwa mgongo mpaka nyama inaonekana. Huyo wa friza unamyeyusha, unampasha kwa maji moto, unampa kwa koleo ndefu.

KengeMtulivu:
Kuhusu mtoto hapo ngoma droo, nyoka na mjusi wote wanaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, huku wanaonekana wazima kabisa. Wa chini ya miaka mitano asiwaguse, na vyombo vya tenki usioshee kwenye sinki la jikoni. Wewe mwenyewe mikono kwa sabuni kila ukimshika.

njia_panda77:
Nimeongea na jamaa. Mjusi ana miaka sita, taa hakumbuki alibadilisha lini. Nyoka ana miaka tisa ila hajala miezi miwili sasa.

gamba_jipya:
Miezi miwili kwa chatu mpira si habari, hao kususa ndio zao. Mpime, uzito usiposhuka sana tulia. Angalia joto, upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33, themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, lazima.

Bi_Mkubwa:
Kwa hiyo mmoja hajala na mwingine yuko kwenye taa mfu. Huyo jamaa yako anahama au anakimbia? Ukimchukua mjusi, taa mpya siku hiyohiyo.

mzee_kifimbo:
Nilisema nimepita, nimerudi. Kamwambie mkeo kwanza.

kigogo_mkavu:
Samahani natoka nje ya mada, nyenje wangu wametoroka kama thelathini, usiku hatulali. Nafanyaje?

Sauti_ya_Nyenje:
Weka kipande cha kiazi chini ya trei la mayai, zima taa. Asubuhi unawakuta wamejazana hapo, unawabeba wote. Atakayebaki nyuma ya friji mzoee tu.