Ushauri: nanotyubu za kaboni zinatuama chini ya chupa, nitumie polima gani?

Mwanamaji_K
Wakuu, habari zenu. Nina nanotyubu za kaboni (vijibomba vyembamba mno vya kaboni) za kuta nyingi, nataka wino wa maji unaopitisha umeme, wa kupaka kwenye karatasi. Nikizipiga kwa mashine ya mawimbi ya sauti maji yanakuwa meusi tii, kesho yake nakuta masizi yote chini. SDS, ile sabuni ya maabara, inatoa povu hadi kero. Nasikia polima ndiyo dawa. Ipi, na kiasi gani?

Bi_Molekuli
Uzito si tatizo lako. Tyubu zinavutana ubavu kwa ubavu kwa nguvu za van der Waals (mvuto mdogo kati ya molekuli zilizokaribiana), na maji hayazipendi. Mawimbi yanazitenganisha tu. Zisipopata kizuizi, zinarudiana. Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo: inajiviringisha kwenye tyubu, na sehemu zake zinazopenda maji zinazuia nyingine isisogee. Anza na PVP (polivinilipirolidoni, polima inayoyeyuka majini). Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba PVP na polistireni salfoneti zinazivika tyubu za ukuta mmoja hadi zikae majini. Pluronic F-127, polima nyingine, pia inafaa.

Jiko_la_Nyuma
Hizo mpaka uagize nje. Gamu arabika je? Utomvu wa mgunga wa Sudan, ule unaotiwa kwenye soda.

Bi_Molekuli
Inafanya kazi, imechapishwa tangu 2002. Ila ni zao la mti: gunia hili na lile hazifanani, na ukungu unaipenda. Ichuje kwanza.

Fundi_Sonik
Mashine yako ya mawimbi ni ya beseni (chupa inakaa ndani ya maji yake) au ya fimbo (inatumbukizwa ndani ya chupa)? Beseni ni dhaifu. Fimbo ina nguvu, lakini chupa ikae kwenye barafu, na uwashe kwa vipindi. Ukizidisha unazikatakata, na tyubu fupi hazijengi njia nzuri ya umeme. Ukimaliza, tia kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), chukua maji ya juu, mabonge yaache.

Mwanamaji_K
Beseni. Na kiasi cha polima?

Bi_Molekuli
Anza uzito sawa na wa tyubu, kisha panda au shuka ukiangalia chupa. Usijaze tu: PVP haipitishi umeme, ikikaa katikati ya tyubu wino wako unakuwa rangi nyeusi ya kawaida. Tena polima huru, isiyoshika tyubu, ikizidi majini inaweza kuzisukuma tyubu zishikane upya. Ukishapaka na kukausha, suuza kwa ethanoli, PVP ya ziada inayeyuka humo.

Fundi_Sonik
Na poda kavu usiipime penye feni. Vaa barakoa ya vumbi laini, ya kitambaa haisaidii.