Gogo la upinde limeanza kupasuka ncha, nifanyeje?

Pwani Kavu: Wakuu, salaam. Nina gogo la mkole, urefu sentimita 170, kipenyo 7, limekatwa siku 12 zilizopita. Lipo barazani hapa Tanga mjini, na magome yake. Ncha zote zimepasuka, ufa mmoja umeingia sentimita 4. Niliache likauke kwanza au nianze kuchonga?

Tezo Butu: Usilisubiri likiwa zima. Nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado maji, lazima lipasuke. Kata ncha mpaka usione ufa, ongeza sentimita 2, na papo hapo upake gundi ya mbao mara mbili. Kisha lipasue kati kwa kabari. Msumeno unakata nyuzi, kabari inazifuata. Kipande kilichonyooka zaidi ndicho upinde.

Bandua gome. Likigoma, likwangue kwa mgongo wa kisu. Uso uliokuwa chini ya gome ndio mgongo wa upinde. Upake gundi nao, na makali yasiuguse tena. Upande wa tumbo, ulio mkabala na mgongo, punguza hadi unene wa sentimita 3, kisha ufunge mti kwenye boriti iliyonyooka, kivulini, upepo upite pande zote.

Kaskazi: Mbona mbali? Utundike juu ya jiko la kuni, wiki mbili basi. Moshi wenyewe unafukuza bungua, wadudu watoboao mbao.

Tezo Butu: Kwa bungua sikatai. Ila mti mbichi juu ya jiko utapasuka kwa urefu, na ufa huo huna pa kuukata. Joto lije mwishoni.

Pwani Kavu: Nitajuaje umekauka?

Tezo Butu: Mizani. Pima kila Ijumaa, andika kwa penseli kwenye mti wenyewe. Uzito ukisimama usishangilie: hapa pwani maana yake mti umelingana na unyevu wa hewa tu. Upeleke darini chini ya bati wiki mbili, pima tena. Ukisimama mara ya pili, chonga.

Mpini wa Mkwaju: Kwenye kuchonga: vuta uzi wenye chaki toka ncha hadi ncha, mshiko sentimita 10 katikati, upana 3.5 ukipungua hadi 1.2 nchani. Punguza tumbo peke yake. Penye fundo acha nyama kidogo.

Upote (kamba ya upinde) wa kwanza uwe mrefu, umelegea. Vuta kidogo mara 30, tazama mkunjo ukiwa mbali, paka penseli panapokataa kupinda, kwangua hapo tu kwa kipande cha kioo. Panapopinda kuliko kwingine usipaguse kabisa. Hapo ndipo pinde nyingi hufia.

Pwani Kavu: Na ukibaki na kibyongo baada ya kufungua upote?

Mpini wa Mkwaju: Sentimita 2 au 3 kawaida. Zikifika 6, huenda mti ulikuwa na maji. Rudisha darini kabla ya kukwangua tena.