Kivuko cha Magogoni–Kigamboni, Dar es Salaam: wasimamizi, mtaendelea kutupakia abiria wa miguu pamoja na malori mpaka lini?

Wakuu, heshima kwenu.

Maji yanayotenganisha Magogoni na Kigamboni hayafiki kilomita moja. Ukisimama Soko la Samaki Feri unawaona watu wa ng'ambo wakishuka kwenye bajaji. Kivuko kikishang'oa, safari ni dakika tano hadi kumi, basi. Halafu abiria anasimama kwenye banda la kusubiria saa nzima kwa ajili ya safari hiyo ya dakika kumi, na akiuliza anajibiwa kwamba abiria ni wengi leo.

Wengi leo kwa lipi? Wanaovuka Jumatatu saa 12 asubuhi ndio walewale waliovuka Jumatatu iliyopita. Kila mmoja amelipa, kila geti linahesabu. Hakuna biashara ya usafiri hapa mjini inayojua idadi ya wateja wake mapema kama hii. Kwa hiyo tuache lugha ya "wingi wa abiria" tupige hesabu.

MV Magogoni kilichoanza kazi 2008 kinabeba abiria 2,000 na magari 60, tani 500. MV Kigamboni kinabeba abiria 800 na magari 22. MV Kazi kilichojengwa na kampuni ya Songoro ni abiria 800, magari 22, tani 170. Vyote vitatu vikiwa majini una nafasi 3,600 kwa mzunguko mmoja. Kitoe Magogoni peke yake zinabaki 1,600. Yaani chombo kimoja kikiugua, zaidi ya nusu ya uwezo wa kuvusha mji mzima umekwenda nacho. Na Magogoni kiliugua kweli: 2023 kilipelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa, kikakaa huko zaidi ya mwaka. Aliyekubali kutegemea kivuko kimoja kikubwa bila akiba alikuwa anajua kwamba kuna siku kitapandishwa chelezoni, pale vyombo vinapotolewa majini kutengenezwa. Chombo chochote cha chuma kinachokaa maji ya chumvi lazima kipandishwe. Hiyo ni dharura gani inayojulikana miaka mitano kabla?

Sasa njoo kwenye muda, maana hapa ndipo panapoumiza. Chukulia kivuko cha abiria 800. Kushusha magari na watu dakika 5, kupakia dakika 8, kuvuka dakika 7. Hizo ni 20 kwa upande mmoja, 40 kwenda na kurudi. Maana yake kutoka upande mmoja kinaondoka mara moja na nusu kwa saa: abiria 1,200. Vivuko viwili, 2,400. Sasa angalieni ndani ya zile dakika 20: za baharini ni 7 tu! Dakika 13 zimeliwa gatini. Unaweza kununua injini yenye nguvu mara mbili, ukaokoa dakika mbili. Ukipanga vizuri pale gatini unaokoa sita.

Na gatini panaharibika kwa sababu moja kubwa: mlango ni mmoja na wote tunapita hapohapo. Gari dogo, fuso la mchanga, bodaboda, guta la samaki, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo. Magari yanaingizwa kwanza ili kivuko kikae sawa, abiria wa miguu wanafunguliwa mwishoni kwa mkupuo mmoja, kisha wanajipenyeza katikati ya magari ambayo mengine hayajazima injini. Upande wa pili ni vilevile, ila watu wanaanza kusogea mlangoni kabla kivuko hakijagusa sakafu ya gati.

Geti lenye upana wa mita moja linapitisha watu 60 hadi 80 kwa dakika wakitembea bila kusukumana. Wakisukumana wanapita wachache zaidi, kwa sababu wanabanana mlangoni na hakuna anayepenya. Watu 800 kwa geti moja ni dakika 10 na zaidi, ndefu kuliko safari yenyewe. Mageti matatu yanayofunguka kweli, dakika 4. Ikiwa matatu yapo na mawili yamefungwa kwa mnyororo kwa sababu mashine ya kusoma kadi haifanyi kazi, basi foleni imetengenezwa hapo getini. Mtandao wa malipo ukikatika, pawe na tiketi za karatasi na mtu wa kuzikata papo hapo. Nauli ilipandishwa kutoka 100 hadi 200 mwanzoni mwa 2012 na watu wakavuka. Mwenye 200 mkononi asizuiwe na mashine.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kiliidhinishwa kubeba watu 101, na waliokufa ni zaidi ya 220. Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, feri ikiwa na uwezo wa kubeba 300. Ajali zote mbili zilitokea karibu na nchi kavu. Chombo kilichojaa kupita kiasi, watu wamejazana upande mmoja, hakihitaji dhoruba. Kila asubuhi pale Magogoni watu wamejazana kwenye mlango wa mbele kivuko kikiwa bado kinatembea, na mwenye kipaza sauti yuko kimya.

Tunachotaka:

Abiria wa miguu wapewe gati lao na boti zao. Boti za kampuni binafsi zilizoanza kuvusha watu tu bila magari zimeonyesha kwamba inawezekana. Boti ya abiria 250 isiyo na gari inashusha kwa dakika 3, inapakia kwa 4, inavuka kwa 4. Mzunguko ni dakika 22. Boti nne zinapitisha watu kama 2,700 kwa saa kwa upande mmoja, wengi kuliko vivuko viwili vya 800. Moja ikiharibika umepoteza robo tu. Lakini nauli iwe ya mtu wa kawaida. Boti zikigeuzwa njia ya wenye nacho huku wa 200 wakiachiwa banda, tumerudi palepale.

Idadi ya waliopakiwa iandikwe kwenye ubao unaoonekana, kila safari, na ikifika kikomo geti lifungwe hata kama aliyebaki nje ni mkubwa wa wapi.

Mnyororo ufungwe mita tano kabla ya mlango wa mbele, usifunguliwe mpaka mlango umelala gatini.

Na kivuko kikitolewa kwenda matengenezo, tutangaziwe tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi na kitakachoziba pengo. Tarehe ikipita tuelezwe sababu.

Nawasilisha.

---

Jibu #2

Mkuu umesema kweli tupu, hasa hapo kwenye chelezo. Niongeze upande wa mitambo, kwa sababu watu wakisikia "hitilafu ya injini" wanadhani ni bahati mbaya.

Kuzima kwa vivuko katikati ya maji kunaweza kuanzia kwenye maji ya kupoozea. Injini inavuta maji ya bahari kupitia tundu la chini ya chombo lenye wavu. Pale Feri maji yana mifuko, vipande vya nyavu, magamba na mabaki ya samaki. Wavu ukiziba joto linapanda, injini inajizima au nahodha anaizima kabla haijafa. Kuna chujio ndani, kazi ya kulifungua na kulisafisha haizidi nusu saa. Likisafishwa kila siku kabla ya safari ya kwanza, huoni hitilafu hiyo. Likisubiri mpaka taa nyekundu iwake, abiria 800 wanaelea kuelekea mlango wa bandari.

Cha pili ni kamba na nyavu kujizungusha kwenye pangaboi, yale mapanga yanayosukuma chombo. Ikishakata sili ya shafti (mpira unaozuia maji yasiingie), mafuta yanatoka na maji ya chumvi yanaingia kwenye beringi. Kamba iliyotolewa na mzamiaji siku ileile haina gharama kubwa. Iliyoachwa wiki mbili inakupeleka chelezoni.

Cha tatu ni ule mlango wa kushushia magari. Unainuliwa kwa haidroliki au kwa waya, na bawaba zake ndizo zinazobeba uzito wa kila lori. Lori lililozidisha mzigo likikanyaga mlango ambao haujalala sawasawa, bawaba zinapinda. Pimeni malori kabla hayajashuka gatini! Kupima lori ni rahisi kuliko kubadilisha bawaba.

Vipuri vinavyojulikana kwamba vitachakaa (vichujio, sili, mipira ya pampu, mabomba ya haidroliki, waya) vikae stoo tayari. Kuanza kutafuta zabuni ya sili baada ya sili kupasuka ni kuwatesa watu kwa makusudi.

---

Jibu #3

Mmesahau maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji hapa Dar inazidi mita 3. Maji yakipwa sana, mteremko wa gati unakuwa mkali: gari la chini linakwangua tumbo, guta linahitaji watu wanne kulipandisha, na sehemu iliyokuwa chini ya maji ina mwani wa kijani unaoteleza kama sabuni. Mama mwenye ndoo ya dagaa anaanguka hapo kila bamvua. Kusugua mwani ule ni kazi ya watu wawili, brashi za waya na chokaa, maji yakiwa yamekupwa, mara mbili kwa mwezi. Bamvua inakuja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kalenda ipo. Nani ameshindwa?

Ndiyo maana hizo boti za abiria zinahitaji gati linaloelea, lile linalopanda na kushuka na maji. Kuegesha boti kwenye ngazi za zege kutamfanya abiria aruke hatua ya mita moja maji yakipwa. Wazee hawataweza, na wenye baiskeli za walemavu wasahau.

Pia ratiba za meli. Kivuko kinakata njia ya meli zinazoingia bandarini, na meli kubwa ikipita lazima kisubiri, hiyo haina ubishi, ni usalama. Lakini meli kubwa haitokei ghafla, inaingia na rubani wa bandari kwa saa iliyopangwa. Kwa nini bandani pasitangazwe kwamba saa 1:20 meli inapita, kivuko kitasimama robo saa? Mwenye haraka angeamua mapema.

---

Jibu #4

Mnalalamika nini wakati Daraja la Nyerere la kwenda Kigamboni lipo tangu 2016? Mita 680, njia sita. Piteni huko.

---

Jibu #5 (mwanzisha uzi)

Mkuu #4, Daraja la Nyerere limesaidia sana magari, na hiyo ndiyo hoja yangu. Mwenye gari ana njia ya pili. Mtu wa miguu anayefanya kazi Posta, Kariakoo au pale sokoni Feri, ukimwambia apite daraja unampeleka Kurasini, kwenye barabara moja na malori ya bandari, kwa daladala mbili au tatu badala ya moja. Nauli yake imezidi ile 200 mara kadhaa na hana uhakika wa kuwahi. Kwa hiyo daraja lilipofunguliwa ilitakiwa kivuko kigeuzwe kiwe cha watu kwanza, magari baadaye. Kimeendelea kuendeshwa kana kwamba daraja halipo.

Kituo cha mwendokasi cha Kivukoni kiko hatua chache kutoka gatini. Ingetosha kuyapanga mabasi yafuate kuwasili kwa vivuko. Kivuko kinamwaga watu 800 kwa mkupuo, basi linaondoka tupu dakika mbili kabla, halafu kituo kizima kinalipuka. Simu moja ya upepo kati ya nahodha na msimamizi wa kituo ingemaliza hilo.

Mkuu #2, hilo la chujio naliongeza kwenye madai. #3, la mwani na la ratiba ya meli pia.

---

Jibu #6

Kwa wanaovuka kesho, wakati tunasubiri. Ingia upande usio na lori. Usisimame kati ya gari na ukuta wa kivuko, gari lisilovutwa breki ya mkono linarudi nyuma mlango unapogusa gati. Ukiingia tu tafuta kwa macho makasha ya maboya yako wapi na kama yamefungwa kwa kufuli. Yakiwa na kufuli, piga picha uilete hapa pamoja na saa na jina la kivuko. Injini ikizima, kaa ulipo. Nahodha anashusha nanga, na kivuko kinachoelea wima kinaweza kusubiri kuvutwa. Watu 800 wakikimbilia upande mmoja kuangalia kuna nini, hakitasubiri.