Tupeane uzoefu: virusi vya UKIMWI havionekani kwenye damu, lakini CD4 (askari wa kinga ya mwili) zimegoma kupanda. Wenye homa ya ini pia, zenu zilikwendaje?

Mama Katindo (Goma)
Wapendwa, habari za huko. Mimi niko kwa ARV, dawa za VVU, tangu 2017, na hepatiti B (homa ya ini) walinikuta nayo siku ile ile walipotoa damu. Nilianza na CD4 64. Virusi vilishuka mapema, kila kipimo wananiambia havionekani. Ila CD4 zenyewe: 140, 190, 230, kisha zikarudi 215, na hapo zimeketi. Rafiki yangu tulioanza naye yuko juu ya 600, yeye hana homa ya ini. Najiuliza kama ini ndilo linanimalizia askari. Naomba majibu ya waliopitia, si ya waliosikia. Majina ya vituo tuyaache.

Mama Ndosho
Pole dada. Mimi pia nina B, lakini nilianza na 410 na nikapita 600 bila shida. Huyo rafiki yako alianzia ngapi? Muulize hilo kwanza. Aliyeanza chini ya 100 hupanda polepole hata kama ini lake ni zima, na umri nao unavuta chini.

Papa Majengo
Mimi nilianza chini kama wewe, 80. Kilichonipata sikuambiwa mapema, kwa hiyo nakiandika chote.

Wiki chache baada ya kuanza dawa, nguvu zilikuwa zinarudi, nakula vizuri, mara macho yakawa manjano. Mkojo mweusi, chakula kinanuka, upande wa kuume chini ya mbavu unavuta. Nyumbani wakasema dawa ndiyo sumu, iachwe. Shangazi alishachemsha mubirizi, ile miti-shamba michungu, sufuria nzima. Mke wangu alikataa, akanipeleka kwa muganga wa hospitali, daktari, na kopo la dawa mkononi.

Wakapima tranzaminazi, kipimo cha damu kinachoonyesha ini kuumia, zilikuwa mara kumi na zaidi ya kawaida. Muganga akaeleza hivi: zamani askari walikuwa wachache mno, virusi vya B vilikaa kwenye ini bila kusumbuliwa. Sasa askari wameongezeka, wameviona, na vita vinapiganiwa ndani ya ini lenyewe. Yaani ugonjwa ule ulitokana na kinga kuamka. Hata hivyo hakubahatisha: alipima kama damu inaganda vizuri, akauliza kila kidonge na kila mti niliokunywa, akaangalia kama ni hepatiti nyingine, akanirudisha labo kila wiki. ARV aliniacha niendelee nazo kwa kuwa ini lilikuwa bado linafanya kazi. Likianza kushindwa, alisema, uamuzi unabadilika, na unafanyikia hospitali, si sebuleni.

Tranzaminazi zilishuka taratibu. Leo CD4 zangu ni 340. Hizo 600 sijawahi kuziona na sizililii tena.

Yaya wa Virunga
Papa Majengo, mimi ni kinyume chako. Ini langu liliwaka kwa kukosa dawa.

Mnakumbuka Nyiragongo 2021, mlima umelipuka tarehe 22 mwezi wa tano, halafu tarehe 27 asubuhi wakatangaza tuhame mitaa. Sisi tulishika njia ya Sake kwa miguu, godoro kichwani, watoto mbele, hadi Minova na baadaye Bukavu. Dawa zilibaki juu ya kabati. Kituo nilichoenda huko kilidai karatasi ya uhamisho. Karatasi ya uhamisho, mtu anakimbia volkano! Nilikaa wiki nyingi bila kumeza kitu.

Nilidhani kitakachonirudia ni kifua au mkanda wa jeshi. Kilichorudi ni manjano. Ndipo nilipoelezwa kuhusu ile TLD yetu: ndani kuna tenofovir, lamivudine na dolutegravir, na hizo mbili za kwanza ndizo zinashika B pia. Ukikatiza, B inafumuka, na kwa wengine inaua ini kabla UKIMWI haujapata nafasi.

Mwezi wa kwanza 2025 vita vilipoingia mjini, vidonge vilikuwa vimefungwa kwenye kitenge kiunoni, pamoja na picha ya kadi yangu kwenye simu. Siku hizi nikipewa za miezi mitatu, za wiki mbili hazitoki kwenye mkoba.

Mdogo wa Himbi
Kaka yangu yuko Ubelgiji, anachomwa sindano ya VVU kila miezi miwili, hamezi vidonge tena. Anasema nami niombe. Nina B.

Yaya wa Virunga
Mdogo wangu, sindano ile ya cabotegravir na rilpivirine haigusi B kabisa. Hata kile kidonge cha dolutegravir na lamivudine tu hakitufai, lamivudine ikiwa peke yake B huizoea. Kaka yako hana B, mwache na sindano yake.

Mzee Mabanga
Binti yangu Katindo, umepimwa asilimia ya CD4, si idadi tu? Mimi nilikuwa na hepatiti C. Nilitibiwa Kampala kwa sofosbuvir na daclatasvir, wiki 12. Daclatasvir waliniongezea kutoka miligramu 60 hadi 90 kwa sababu nilikuwa bado kwa efavirenz, dawa ya VVU. Kabla ya yote walitafuta B, maana C ikitibiwa B iliyojificha inaweza kuamka. C iliisha. Nilitegemea CD4 ziruke, zikabaki 190.

Daktari mmoja kijana ndiye aliyepiga ekografi, picha ya tumbo. Ini langu lilikuwa limeshakakamaa, damu inapita kwa shida, na bandama limevimba. Bandama likivimba linazuia chembe za damu humo ndani, hata zile za kugandisha damu zangu zilikuwa 85,000 tu. Lakini asilimia ya CD4 ilikuwa 28. Mwenye kinga iliyoanguka kweli, wa chini ya 200, kwa kawaida huwa karibu na 14 au chini yake. Askari wapo, wengine wamefungiwa ndani tu.

Na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, niliiacha. Hilo liliniuma kuliko vidonge.

Mama Katindo
Asanteni sana, Mzee nimefuata ushauri wako. Asilimia 19. Bandama ni la kawaida, ini halijakakamaa, tranzaminazi ziko sawa. Muganga anasema kwangu ni pale nilipoanzia, maadamu virusi havionekani hatabadilisha dawa kwa kufukuza namba, ila kotrimoxazoli, ile ya kuzuia magonjwa nyemelezi, niendelee nayo kwanza na ini lichunguzwe kila miezi sita. Kidogo nimepumua.

Mume wangu amepimwa, hana B wala VVU, amepata sindano ya kwanza ya chanjo ya B. Mama mkwe ametaka sahani zangu zitengwe. Muganga mwenyewe alimpigia simu: sahani hazina kosa, kila mtu awe na wembe na mswaki wake. Sindano yake ya pili ni mwezi ujao, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza, na pale kituoni wamesema huenda chanjo ikakosekana. Mama Ndosho, mume wako alichanjwa wapi? Niandikie pembeni.