Maji ya kisima yana chumvi, mahindi yanadumaa ila ngano inadunda tu, kwa nini?

KukuChotara_Kgb
Wakuu habari za muda huu. Nipo Kigamboni nafuga chotara, na kwa jinsi pumba zilivyopanda bei naotesha fodda (machipukizi mabichi ya kulishia kuku) kwenye trei. Sasa maji ya kisima changu yana chumvi, nikimwagilia mahindi yanachipua fresh halafu yanadumaa, majani kama yameungua. Trei ya ngano ipo pembeni, maji yaleyale, inapanda kijani kabisa, labda nikichelewa kuvuna ndo ncha ya lile jani la kwanza inakauka. Ngano ina nini? Na niendelee na haya maji? Bei ya boza la maji baridi mnaijua wenyewe.

Ngoja_Waje
Chemsha hayo maji kwanza mkuu.

Mtu_wa_Udongo
Hapo juu usimpotoshe mwenzio, ukichemsha maji yanapungua na chumvi inabaki palepale, kwa hiyo inakuwa kali zaidi.

Mleta mada, chumvi inaupiga mmea mara mbili. Kwanza maji yenyewe yanagoma kunyonywa, trei imelowa ila mmea una kiu. Hapo ngano inatengeneza sukari na vitu kama prolini na betaini ndani ya seli zake ili iwe na nguvu ya kuyavuta. Pigo la pili ni sodiamu iliyomo kwenye hiyo chumvi, hii inapanda na maji mpaka kwenye majani na kuyaua taratibu, na jani la zamani ndo linatangulia maana limeipokea muda mrefu. Ndo hiyo ncha yako.

Sasa ngano hii ya mkate ina jeni inaitwa HKT1;5, kazi yake ni kuinasa sodiamu ikiwa kwenye mirija ya mzizi na kuirudisha kwenye seli za mzizi kabla haijafika juu, kama konda anavyomshusha asiye na nauli kituo cha kwanza tu. Potasiamu inaachwa ipite, maana majani yanaihitaji. Ile sodiamu inayopenya inafungiwa kwenye vifuko vya ndani ya seli. Mahindi nayo yanajitahidi ila yanazidiwa mapema. Kwa vipimo vya udongo mahindi yanaanza kupoteza mavuno chumvi ikifika EC (kipimo cha chumvi kwa umeme unaopita, dS/m) 1.7 hivi, ngano 6, shayiri 8. Bahari ni kama 50, upate picha.

Shamba_Boi
Naongezea, sio ngano zote. Ile ngumu ya kutengenezea tambi ni dhaifu sana kwa chumvi, inaiachia sodiamu inajaa kwenye majani. Australia walichukua jeni ya aina hiyohiyo kutoka ngano ya kale, Triticum monococcum, wakaiingiza kwenye ngano ya tambi, na 2012 wakatoa matokeo kwamba kwenye shamba lenye chumvi mavuno yalipanda hadi asilimia 25. Na kabla hamjaanza kelele za GMO, walichavusha kawaida tu vizazi kwa vizazi.

KukuChotara_Kgb
Daah nondo hizi. Kwa hiyo nimwage tu maji ya kisima mpaka EC 6?

Mtu_wa_Udongo
Hapana mkuu, hiyo 6 ni ya mmea uliokomaa shambani. Ngano changa ni laini zaidi, udongo usizidi 4 au 5, na fodda ni uchanga mtupu. Mi ningeloweka mbegu kwa maji baridi, hapo ndo pa kutumia boza lako, halafu ya kumwagilia uchanganye na ya kisima. Na trei iwe na matundu ya kutosha, maji yakituama yakakauka chumvi yote inabaki kwenye mizizi. Masika ikianza kinga ya bati kwenye simtanki. Ukinunua kipimo angalia kinasoma EC, vinavyosoma ppm (sehemu kwa milioni) peke yake kila mtengenezaji ana hesabu yake.

KukuChotara_Kgb
Poa mkuu, mahindi naachana nayo. Mbegu ya shayiri hapa Dar inapatikana wapi kwa kilo, sio kwa gunia?