Ushauri: "To keep the fish fresh" au "to keep the fresh fish"? Fundi wa mabango anasubiri

BintiMwaloni:
Mwangaluka wakuu.

Niko Mwanza, kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, upande wa usafi na ubora. Nimepewa kazi ya kuandaa mabango ya ukutani, Kiswahili juu na Kiingereza chini, maana wanunuzi wa nje wakija hupenda kusoma wenyewe.

Kiswahili hakina shida. Kinachonisumbua ni mstari huu: "Use ice to keep the fish fresh." Mzee anayenisimamia ameupiga kalamu nyekundu na kuandika pembeni "to keep the fresh fish". Hoja yake ni ile tuliyokaririshwa wote shuleni: Kiingereza kinatanguliza kivumishi, ukikiweka nyuma unaongea Kiswahili kwa maneno ya Kizungu. Bango la pili lilikuwa "Remember to keep the door shut", nalo kaligeuza kuwa "to keep the shut door". Sikio langu linakataa, lakini nikiulizwa sababu, sina.

Nani yuko sahihi, na kwa nini? Na nimwambieje mzee? Ni mtu wa heshima zake, alianza kazi pale mimi nikiwa bado shule ya msingi. Fundi yuko Makoroboi, kila saa ananipigia.

DagaaMkavu:
Mwandikie Kiswahili tupu, mzungu akishindwa kusoma atauliza. Wageni wanaopanda kivuko cha Kamanga mbona hawapotei?

MwalimuWaNyegezi:
Dada, yaache mabango kama ulivyoyaandika. Nafundisha Kiingereza sekondari na swali hili halinipiti mwaka, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Kanuni ya mzee ni ya kweli, ila inahusu kivumishi kinachotuambia ni samaki gani. "Fresh fish" ni samaki wabichi, si wakavu wala wa kubanikwa. Ubichi wanao tayari kabla hujawagusa. Kwenye bango lako "fresh" haichagui samaki. Inataja hali ambayo barafu inatakiwa kuilinda. Hali inayoletwa au kulindwa na kitenzi, Kiingereza huiweka mwisho: kwanza kitenzi, kisha kitu, kisha hali ya kitu. "To leave the window open." "To wipe the table dry." Chukua mtumbwi: "to paint the boat blue" maana yake ulikuwa wa rangi yoyote ile, ukitoka kwa fundi ni wa bluu. "To paint the blue boat" maana yake wa bluu ulishakuwa, na rangi utakayoupaka hujaitaja.

Kwa hiyo "to keep the shut door" ni Kiingereza kabisa, ila kinamwambia mfanyakazi aendelee kuutunza ule mlango uliofungwa, asije akaugawa.

Sisi tunachanganyikiwa kwa sababu kwetu kivumishi kwa kawaida kiko nyuma. Ukisema "wauze samaki wabichi", huenda unataka wauzwe wale wabichi tu, au wauzwe wote kabla hawajakaushwa. Nafasi ni ileile, na upatanisho wa ngeli hautenganishi. Tukitaka kueleweka tunaongeza kitenzi: samaki wabaki wabichi, mlango ukae umefungwa. Mwingereza haongezi kitu, anahamisha kivumishi tu. Ndiyo maana mzee akikiona nyuma anadhani Kiswahili kimevuja.

DagaaMkavu:
Sawa mwalimu, lakini Katibu Mkuu mbona wanamwita "Secretary General"? Hapo nani kamfanya awe "general"?

MwalimuWaNyegezi:
Hayo ni mabaki ya Kifaransa, mkuu. Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa kikakaa kwenye mahakama na utawala kwa karne kadhaa. Kifaransa nacho huweka vivumishi vingi nyuma, ndiyo tukapata "attorney general" na "court martial". Ni majina yaliyoganda. Usimpelekee mzee mfano huo, utamchanganya.

KaptenWaGati:
Na "something cold to drink"? Hapo hakuna aliyepoza kitu. Na juzi nimesoma tangazo, "a boat big enough to carry the load".

MwalimuWaNyegezi:
Kapteni, hizo ni familia nyingine. "Something", "anything", "nothing" na wenzao hufuatwa na kivumishi, hakuna "cold something". Mfano wa boti ni suala la mkia: "big" imevuta nyuma yake "enough to carry the load", na mzigo wote huo hauwezi kubanwa mbele ya "boat". Ukikata mkia katikati inakubalika, "a big enough boat to carry the load". Jambo la dada ni tofauti.

BintiKerewe:
Mdogo wangu BintiMwaloni, kwa habari ya mzee, usimpelekee kanuni, atakuletea kanuni yake. Mfuate peke yake, si mbele ya wafunga maboksi. Shikamoo kwanza, mabango baadaye. Kisha mwombe aseme sentensi ya mlango bila kuutaja mlango, atumie "it". Atasema mwenyewe "keep it shut". Hapo "it" imeshika nafasi ya "the door", na "shut" imebaki nje, nyuma. Sasa mwache ajaribu na ile yake. "The shut door" yote inamezwa na "it", inabaki "keep it", na habari ya kufunga imepotea. Akifika hapo, nyamaza. Mtu mzima akigundua mwenyewe hahesabu kwamba ameshindwa na mtoto.

KaptenWaGati:
Dada BintiKerewe hiyo nimeipenda. Ila mwalimu, mimi nimeshaona "push open the door", kivumishi katikati. Hiyo nayo vipi?

MwalimuWaNyegezi:
Ipo. Vivumishi vifupi kama "open" vikizoeana na kitenzi huenda pamoja kama neno moja: "push open the door", "cut open the fish". Pia kitu kikiwa na maelezo marefu husukumwa mwisho, "to make clear the reasons for the delay". Lakini ukitumia "it", kivumishi lazima kirudi nyuma: "push it open". Na si kila kitenzi kinakubali. "Keep shut the door" ingemshtua mnunuzi wake. Kwa bango, nafasi ya mwisho ndiyo salama.

Kingine, msivute "fanya wawe" yetu mkaandika "make the floor to be dry". "Make" haitaki "to be" hapo. "Make the floor dry", basi.

BintiMwaloni:
Asanteni sana wakuu. Nimemfuata baada ya chai ya saa nne. Dada BintiKerewe, imekuwa kama ulivyosema, "keep it shut" imemtoka mwenyewe. Akanyamaza, akauliza na la samaki, akasema "keep it fresh", akachukua kalamu na kufuta wekundu wake. Sasa ameniongezea bango la visu, hili kaliandika yeye: "Use hot water to wash the knives cleanly." Kivumishi kakipeleka nyuma bila kuambiwa. Nipeleke Makoroboi?

MwalimuWaNyegezi:
Bado kidogo. Nafasi ni sahihi, ila hicho si kivumishi tena. "Cleanly" inaeleza namna ya kuosha, na bango linataka hali ya visu vikishaoshwa. Ni sawa na rangi ya mtumbwi, hakuna anayeupaka "bluely". Andika "to wash the knives clean". Mwambie mzee kabakiza herufi mbili tu.

DagaaMkavu:
Mwambie ni fundi ndiye anayelipisha kwa herufi, atazitoa haraka.